Ivanov ni mtoto wa nani? Dhana potofu kuhusu jina la Warusi

Mtoto akitumwa duka la mtaa wa pili, mzee wa barazani hamuulizi jina lake. Anamuuliza, "Wewe mtoto wa nani?" Akimtaja baba, yamekwisha: nyumba imejulikana, ukoo umejulikana, na salamu za kupeleka nyumbani anapewa hapohapo. Warusi nao waliulizana swali hilohilo karne nenda karne rudi, na miongoni mwa majibu yaliyosikika mno kuliko mengine ni neno moja: Ivanov. Maana yake ni "wa Ivan". Basi, hakuna la zaidi.

Jina hili tunakutana nalo kwenye mpira, kwenye habari za vita, kwenye visa vya wanaanga na majasusi. Kwa kuwa tunalisikia sana, tunadhani tunalijua. Nimekaa na mambo ya majina miaka mingi, na kila mara naona watu wakiunganisha wasiohusiana na kutenganisha mtu na dada yake wa tumbo moja, kwa sababu tu ya kutojua neno hili linafanya kazi gani.

"Akina Ivanov wote ni ukoo mmoja"

Chanzo cha kosa hili ni kupima kwa kipimo chetu. Pwani ukisikia mtu ni Mazrui, unajua kuna ukoo nyuma yake, una wazee na historia. Ivanov si hivyo.

Kwenye daftari za zamani za Urusi mtu wa kawaida aliandikwa, kwa mfano, *Pyotr, Ivanov syn*. Syn ni mwana. Yaani Pyotr bin Ivan. Dada yake aliandikwa *Ivanova doch*, binti Ivan. Na mtoto wa Pyotr hakuwa Ivanov tena. Alikuwa Petrov, wa Pyotr. Jina lilihama kila kizazi kama letu linavyohama: Juma Hamisi akizaa, mtoto anaitwa Asha Juma, na Hamisi anasogea nyuma kuwa babu.

Kilichotokea baadaye ni kwamba jina liligandishwa. Wakubwa walianza mapema. Lakini wakulima waliokuwa chini ya mabwana wa ardhi, nao ndio walikuwa umma, wengi wao walikaa bila jina rasmi la ukoo mpaka walipoachwa huru mwaka 1861, na wako ambao waliandikwa vizuri kwa mara ya kwanza kwenye sensa ya mwaka 1897. Karani anauliza, wewe wa nani? Wa Ivan. Anaandika Ivanov, na kuanzia siku hiyo mtu yule, wanawe na vitukuu vyake ni Ivanov. Kijiji cha ng'ambo ya mto, karani mwingine, Ivan mwingine, Ivanov wengine. Watu hao hawajawahi kuozana wala kuzikana.

Ndiyo maana mwanzoni mwa miaka ya 2000 Urusi ilikuwa na Waziri wa Mambo ya Nje Igor Ivanov na Waziri wa Ulinzi Sergei Ivanov, wakikaa baraza moja, bila udugu wowote kati yao. Igor aliishika wizara yake kuanzia 1998 hadi 2004, Sergei akaishika ya kwake kuanzia 2001 hadi 2007. Wote wawili pia waliwahi kuwa makatibu wa Baraza la Usalama la nchi hiyo, kwa nyakati tofauti. Ukisoma habari za miaka ile haraka haraka unaweza kudhani ni mtu mmoja anayehamishwa ofisi.

Kuna jambo la ndani zaidi. Si kila Ivanov ni Mrusi kwa kabila. Kando ya mto Volga wako Wachuvashi, watu wenye lugha ya jamii moja na Kituruki. Katika karne ya 18 walibatizwa kwa wingi, wakapewa majina ya watakatifu kutoka kalenda ya Kanisa la Othodoksi, na watoto wao wakawa akina Ivanov, Petrov na Vasilyev. Hata leo majina hayo yamejaa kwao. Mshairi wao mkubwa anaitwa Konstantin Ivanov. Alizaliwa 1890, akaandika kwa Kichuvashi utenzi mrefu wa mapenzi na msiba uitwao Narspi, uliochapwa 1908 alipokuwa na miaka 18 hivi, na akafariki 1915 kabla hajatimiza miaka 25. Anayemwita "mshairi wa Kirusi" kwa kuangalia jina la mwisho peke yake anawanyang'anya Wachuvashi kipenzi chao. Sisi wenye kina Joseph na Elizabeth wasiokuwa Wazungu tunapaswa kulielewa hili upesi kuliko wengine.

"Ivan ni jina la Kirusi asilia"

Ivan ni Yohana. Kiebrania Yohanan, "Mungu amerehemu", likapita kwenye Kigiriki likawa Ioannes, likaingia kwa Waslavi pamoja na Ukristo, ambao mtawala wa Kyiv, Vladimir, aliupokea mwaka 988. Vinywa vya watu vikalilainisha likawa Ivan. Kwa Waislamu wetu mwenye jina hili ni Nabii Yahya. Kwa hiyo Ivanov, ukiutafuta mzizi, ni "wa Yohana".

Ukishajua hilo, ndugu wanajitokeza pande zote. Johnson wa Waingereza, Jensen wa Wadenmark, Hovhannisyan wa Waarmenia, Evans wa watu wa Wales: wote ni watoto wa Yohana. Kilichowafanya Warusi kuwa na akina Ivan wengi hivyo ni padri na kalenda yake. Mtoto akizaliwa, padri alitazama siku zile ni za mtakatifu gani, na akina Yohana walikuwa na siku nyingi mno katika mwaka. Mkulima hakuchagua sana, jina lilimkuta.

Hapa naomba nikae kidogo na mtu mmoja, kwa sababu naona maisha yake yanabeba jina hili lote. Ni mchoraji Alexander Ivanov. Baba yake, Andrei Ivanovich Ivanov, naye alikuwa mchoraji na profesa wa Chuo cha Sanaa cha St. Petersburg. Lakini Andrei alikuwa amelelewa katika nyumba ya watoto yatima ya Moscow. Tazama jina lake: Andrei wa Ivan, wa ukoo wa Ivan. Mtoto aliyekulia pasipo mzazi, na kila anapojitambulisha anajibu mara mbili kwamba yeye ni wa Ivan. Katika nyumba kama zile watoto wasiojulikana baba zao walipewa mara nyingi jina la msimamizi wa ubatizo au la padri, ili swali la "wa nani?" lisiwakute mikono mitupu.

Mwanawe Alexander alikwenda Italia mwaka 1830. Huko Roma akaanza picha moja mwaka 1837 na kuimaliza mwaka 1857. Miaka 20, picha moja. Leo iko kwenye jumba la Tretyakov, Moscow, na ina upana wa mita saba na nusu na kimo cha zaidi ya mita tano. Ukutani kwa nyumba ya kawaida haiingii. Jina lake ni Kutokea kwa Kristo kwa Watu. Macho yanatarajia Yesu awe mkubwa katikati, lakini sivyo. Yesu yuko mbali, mdogo, anashuka taratibu kutoka mlimani peke yake. Mbele, karibu nasi, kuna watu waliotoka majini: mzee anajiinua, kijana nywele bado zinachuruzika, mtumwa mwenye kamba shingoni anaanza kutabasamu. Na katikati yao, mikono yote miwili imeinuliwa kumwonyesha anayekuja, amesimama Yohana Mbatizaji. Ivan. Mtu wa Yohana alitumia nusu ya utu uzima wake kumchora Yohana.

Alirudi St. Petersburg na picha yake mwaka 1858, na majira hayohayo ya kiangazi kipindupindu kikamuua akiwa na umri wa miaka 51.

"Ivanov na Ivanova ni familia mbili"

Hapana. Ni jina moja. Kama tulivyoona, Ivanov maana yake "wa Ivan", na katika Kirusi neno la namna hiyo hufuata jinsia ya anayehusika. Mwanamume Ivanov, mwanamke Ivanova, wakiwa wengi Ivanovy. Sisi tunasema mtoto *wa* Ivan, vitu *vya* Ivan, nyumba *ya* Ivan, na wala hatushangai kwamba kiunganishi kimebadilika. Wao wanabadilisha mwisho, sisi tunabadilisha mwanzo.

"Ivanović wa Chelsea ni Mrusi"

Hili nalisamehe kwa sababu lina vishawishi. Branislav Ivanović kabla ya kuja Chelsea mwaka 2008 alitoka Lokomotiv Moscow, na alipoondoka 2017 akaenda Zenit ya St. Petersburg. Urusi kabla ya Chelsea, Urusi baada yake. Lakini ni Mserbia, alizaliwa Sremska Mitrovica. Ndiye aliyeruka juu dakika za nyongeza jijini Amsterdam mwaka 2013 akapiga kichwa kilichowapa Chelsea kombe la Europa mbele ya Benfica. Kwa Waserbia mwisho wa -ić ndio jina lenyewe la ukoo. Na njia nyepesi ya kuwatofautisha na Warusi ni kumtazama mwanamke: bingwa wa tenisi wa French Open 2008, Ana Ivanović wa Belgrade, hana -ova. Kwao jina la ukoo halibadiliki kwa jinsia namna ile.

Kwa Warusi, Ivanovich ni kitu kingine kabisa. Ni jina la baba. Mrusi ana majina matatu: lake, la baba, la ukoo. Mtu anayeitwa Ivan Ivanovich Ivanov ni Ivan, baba yake ni Ivan, na huko nyuma kulikuwa na Ivan mwingine aliyegandishwa na karani. Zamani mwisho huu wa -vich ulikuwa heshima ya wakubwa, mfalme akimpa amtakaye. Mnyonge alibaki na "Ivanov syn". Leo ni haki ya kila mtu, lakini heshima yake imebaki. Mwalimu, daktari, mkuu wako wa kazi, mama mkwe, hawaitwi kwa jina tupu. Unaita jina pamoja na la baba.

Mjomba wangu alisoma Moscow, Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba, kile kilichoanzishwa 1960 na kufundisha Waafrika wengi. Babu yangu mzaa mama aliitwa Omari. Mama mlinzi wa bweni, mwanamke mtu mzima aliyekaa mlangoni na kitambaa kichwani na birika la chai mbele yake, alimuuliza siku ya kwanza, baba yako nani? Omari. Kuanzia hapo hakumwita vingine ila "Omarovich". Mjomba anasema alikuwa na miaka 20, baridi imemkaza, hajui maneno 50 ya Kirusi, na kusikia jina la baba yake kinywani mwa mama yule kila akirudi kutoka darasani kulimpa nguvu ambayo barua za nyumbani hazikumpa. Nimemsikia akikisimulia kisa hiki mara nyingi na kila mara sauti inapungua mahali palepale.

Kuna Ivan Ivanovich mmoja ambaye hakuwa mtu. Machi 1961 Wasovieti walirusha angani sanamu la majaribio, limevishwa suti kamili ya mwanaanga, mara mbili: tarehe 9 na tarehe 25. Waliliita kwa jina hilo kwa kuwa ndilo jina la "mtu yeyote", kama sisi tunavyosema fulani bin fulani. Walihofia mwanakijiji akiliokota atadhani ni maiti ya rubani, basi wakaandika usoni, chini ya kioo cha kofia, neno MAKET, yaani mfano tu. Wiki mbili na ushee baada ya safari ya pili, Yuri Gagarin akapaa. Uvumi kwamba kuna mwanaanga aliyetangulia na kufa kisirisiri umezunguka dunia tangu wakati huo, na sanamu hili limetajwa sana kama moja ya mbegu zake.

Na Wabulgaria? Wao hutumia -ov na -ova kama Warusi, ila hata jina la kati, la baba, huishia hivyohivyo. Mwanaanga wao wa kwanza alizaliwa Georgi Ivanov Kakalov. Ivanov hapo ni baba, ukoo ni Kakalov. Alipoandaliwa kuruka na Wasovieti, ukoo ukawekwa kando kwa sababu kwa sikio la Kirusi unafanana na neno la mtoto la kujisaidia haja kubwa. Kwetu kaka ni ndugu mpendwa. Huko ni aibu ya kutangazwa redioni. Hivyo dunia inamjua kama Georgi Ivanov. Aliruka Aprili 1979 kwa chombo cha Soyuz 33 pamoja na Nikolai Rukavishnikov, injini ikagoma kabla hawajakifikia kituo cha angani cha Salyut 6, wakarudi duniani salama baada ya siku mbili hivi, kwa mteremko mkali uliowakandamiza vifua.

"Profesa Ivanov aliagizwa na Stalin kuunda jeshi la watu-sokwe"

Hiki kisa kinapendwa sana na wasimulizi wa mambo ya ajabu, na kinaniudhi kwa sababu mbili: uongo ulioongezwa, na ukweli ulioachwa.

Ilya Ivanovich Ivanov alizaliwa 1870. Kabla ya yote alikuwa mtu wa mifugo. Mwanzoni mwa karne ya 20 alianzisha kituo cha uhimilishaji wa farasi, kazi ya kupandikiza mbegu kwa mkono badala ya dume kupanda, na akaonyesha kwamba mbegu za dume mmoja zinaweza kutosha majike 500, pale ambapo kwa kawaida angefikisha 20 au 30. Mfugaji wa Kiambu au wa Rungwe anayempigia simu mhimilishaji aje na mtungi wa mbegu zilizogandishwa anatumia elimu ambayo mtu huyu alikuwa kati ya waliofungua njia yake. Tanzania kituo cha taifa cha kazi hiyo kiko Usa River, Arusha.

Lakini alikuwa na wazo jingine, la kuchanganya mtu na sokwe. Mwaka 1925 alipewa dola 10,000 kwa ajili ya safari ya Afrika kupitia Chuo cha Sayansi. Waliomuunga mkono walitaka hoja ya kupigana na kanisa na kutetea nadharia ya mabadiliko ya viumbe. Hakuna hati inayoonyesha Stalin akiagiza jeshi lisilosikia njaa wala maumivu. Maneno hayo yaliongezwa na magazeti miongo mingi baadaye.

Alikuja Guinea, wakati huo koloni la Ufaransa, Kindia na baadaye Conakry. Februari 1927 alihimilisha sokwe majike wawili kwa mbegu za binadamu, na Juni akamhimilisha wa tatu. Hakuna aliyeshika mimba. Na hapa ndipo wasimulizi wanapopita haraka: alipanga pia kuwahimilisha wanawake wa Guinea, waliolazwa hospitali, kwa mbegu za sokwe, bila kuwaambia. Utawala wa kikoloni ulimkatalia. Fikiria wewe kwamba mama au nyanya yako amelala kitandani na homa, anamwamini daktari aliyevaa koti jeupe, na hilo ndilo linalopangwa ofisini. Jeshi la kubuni la Stalin linasimuliwa kila siku. Wanawake hao wa Conakry, ambao ni watu kweli, hawatajwi. Huo kwangu ndio upotoshaji mkubwa kuliko wote ninaoutaja katika makala hii.

Alirudi na sokwe aliowapeleka Sukhumi, pwani ya Bahari Nyeusi, wengine wakafia njiani. Desemba 1930 alikamatwa, akapelekwa uhamishoni Alma-Ata, na huko akafariki Machi 1932.

"Ukisikia Ivanov, ujue ni jina la bandia"

Mara nyingine ni kweli. Agosti 1917 Lenin alikuwa akitafutwa na serikali, akavuka kuingia Finland kwa kitambulisho cha mfanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Sestroretsk, Konstantin Petrovich Ivanov. Picha yake ya siku zile ipo: ndevu zimenyolewa, nywele za bandia, kofia ya kapelo imeshushwa, mtu usingemtambua. Alivuka mpaka ndani ya kichwa cha treni akijifanya mtia kuni. Jina lile lilifaa kwa kuwa halikumshtua askari. Lakini wanaoitwa hivyo kwa haki ni wengi mno, na kumshuku mtu kwa jina la babu yake ni dhuluma.

"Ndilo jina namba moja Urusi"

Inategemea nani kahesabu, na wapi. Kwenye daftari la wakazi wa St. Petersburg la mwaka 1910 Ivanov waliongoza. Uchunguzi wa karibuni zaidi uliopitia mikoa mbalimbali uliweka Smirnov mbele, Ivanov wa pili, kisha Kuznetsov, ambaye ni mwana wa mhunzi. Kuna sehemu za nchi ambako Ivanov si wengi kivile.

"Sisi Waswahili tunaliharibu tukilitamka"

Hapa nina habari njema. Warusi wengi leo hulitamka *i-va-NOF*: mkazo mwishoni, na v ya mwisho inageuka f. Mswahili halipendi neno linaloishia na konsonanti, anaongeza irabu: Ivanofu. Na kwa kuwa mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, inatoka *i-va-NO-fu*. Mkazo mahali pake, f mahali pake. Bibi yangu asiyejua Moscow iko upande gani analitamka karibu na Mrusi kuliko mtangazaji anayejikaza kusema "AI-vanov". Jihadhari na moja tu: mchoraji tuliyemtaja, na baadhi ya washairi na familia za wakubwa wa zamani, desturi huwasoma *i-VA-nof*.

"Valentin Ivanov alicheza, kisha akawa refa wa mechi ile ya kadi"

Wapenzi wa soka wanaijua mechi ile. Nuremberg, 25 Juni 2006, Ureno na Uholanzi, hatua ya 16 bora ya Kombe la Dunia. Kadi za njano 16, nyekundu 4. Costinha, Boulahrouz, Deco, Van Bronckhorst, wote nje. Deco na Van Bronckhorst, waliokuwa pamoja Barcelona, wakakaa ngazini kando ya uwanja wakiongea kama majirani. Ureno 1, Uholanzi 0, bao la Maniche. Refa: Valentin Ivanov.

Na kwenye orodha ya wafungaji bora wa Kombe la Dunia la Chile 1962, wenye mabao manne kila mmoja, pamoja na Garrincha na Vavá, kuna Valentin Ivanov. Huyo alikuwemo pia kwenye kikosi cha Kisovieti kilichotwaa ubingwa wa kwanza wa Ulaya, Paris 1960. Watu wanawaunganisha, wakati kati yao kuna kizazi kizima. Refa alizaliwa 1961. Mchezaji, wa klabu ya Torpedo Moscow na wa Chile, ni baba, Valentin Kozmich. Wa Nuremberg ni mwana, Valentin Valentinovich. Jina la kati, lile ambalo magazeti yetu hulikata kuokoa nafasi, ndilo lililobeba jibu. Mama wa nyumba hiyo ni Lidia Ivanova, aliyezaliwa Kalinina, mwenye dhahabu za Olimpiki za jimnastiki, timu ya Kisovieti, Melbourne 1956 na Roma 1960. Mumewe naye alipata dhahabu ya soka Melbourne hiyohiyo.

Melbourne ile ilikuwa na Ivanov mwingine, asiye ndugu yao: Vyacheslav Nikolayevich, mpiga makasia wa mtumbwi wa mtu mmoja. Usimchanganye na Vyacheslav Ivanovich, mshairi, wala na Vyacheslav Vsevolodovich, mtaalamu wa lugha. Huyu alikuwa na miaka 18. Mashindano ya makasia yalifanyika Ballarat, ziwa la Wendouree. Alishinda, akavishwa medali, na kwa furaha akairusha juu. Ikateleza vidoleni ikaanguka ziwani. Akajitosa kuitafuta, akapapasa tope, akaibuka mikono mitupu. Kamati ya Olimpiki ilimpa nyingine baadaye, naye akaongeza za 1960 na 1964. Ile ya kwanza bado imo majini.